Kanyaga, Mama Gia

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Gia aliendesha malori ya mchanga na hakuwahi kugonga hata kuku. Wenzake pale machimboni, wanaume watupu, walimtania kwamba anaendesha kama aliyepakia mayai. Naye aliwajibu, "Ninyi endesheni kama mnaokimbia wake zenu. Tutakutana mbele." Na mara nyingi kweli aliwakuta mbele, mmoja kaingiza tairi mtaroni, mwingine kavunja ekseli, akawapita huku akiwapigia honi mbili za pole. Jina walimpa wao. Mtoto hakujaaliwa, lakini gia ya lori lake kuukuu, ambayo kila dereva aliyelishika aliitukana, mkononi mwake ilitii kama mtoto aliyelelewa akaleleka.

Alizaliwa juu milimani, akakulia chini bondeni. Baba yake alikuwa mtu wa bonde, fundi wa karakana ya reli. Mama yake alikuwa mtu wa milima. Kati ya juu na chini ni mwendo wa saa tatu tu kwa gari, lakini watu wa pande hizo mbili walitazamana kama paka na mbwa waliofungiwa chumba kimoja. Hukuhitaji kumuuliza mtu kabila wala dini. Ulimuuliza timu. Wa bondeni walikuwa Zambarau, kwa rangi ya jezi yao, na wa milimani Machungwa. Mzee asiyeweza kupiga danadana hata mbili angekuambia, "Juzi tulicheza vibaya," na sauti yake ingekwaruza kama mtu aliyetoka uwanjani na magoti yamechubuka.

Mama Gia aliposhuka na wazazi wake alikuwa na miaka sita, na maneno yake yalikuwa bado ya milimani, yale ya kuvutwa mwishoni kama kamba. Watoto wa mtaani wakamwita Chungwa Bovu. Akajua kupiga ngumi kabla ya kujua kusoma. Darasa la pili alimvunja msichana mwenzake jino kwa kifuniko cha dawati. Mwalimu akamchapa, alipofika nyumbani mama yake akarudia. Baba alimsubiri anyamaze kulia, kisha akauliza neno moja.

"Alikuitaje?"

Akamwambia. Baba akatikisa kichwa, na Jumamosi iliyofuata akamfunga kitambaa cha zambarau shingoni, akampeleka uwanjani.

Huko ndiko alikogundua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: kwenye wimbo hakuna lafudhi. Watu elfu nane wakiimba kwa pamoja, hakuna anayesikia wewe unavuta neno au unalikata. Aliimba mpaka akatapika. Tangu siku hiyo hakukosa mechi ya nyumbani isipokuwa kwa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe uwe wa kulazwa.

Mama yake hakukanyaga uwanjani hata siku moja. Siku Zambarau walipocheza na Machungwa, alifunga madirisha asubuhi na mapema kama anayengoja mvua ya mawe. Na mwaka mmoja ilinyesha kweli. Zambarau walifungwa matatu nyumbani, na watu waliokuwa wakirudi wamenuna wakakumbuka kwamba mtaa ule una mwanamke wa milimani. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha, la pili likampasua mama paji la uso. Damu ilimwagika kwenye beseni la nguo alizokuwa akifua. Baba alitoka na nyundo ya karakana akawatawanya, akalia kama mtoto wakati mkewe akishonwa nyuzi saba. Jumamosi ya pili yake alikuwa uwanjani, anaimba na watu walewale.

"Baba yako ana wake wawili," mama alimwambia binti yake. "Mimi ndiye mdogo."

Haya yote watu wa Tawi la Karakana waliyajua. Tawi hilo ndilo lilikuwa kubwa kuliko matawi yote ya mashabiki, na Mama Gia alikuwa na kadi yake tangu ana miaka kumi na minane. Katibu wa tawi alikuwa muuza nyama, jitu la miraba minne lenye sauti laini kama ya mwuguzi, wakimwita Bucha. Bucha alimpenda Mama Gia kwa dhati. Alipofiwa na baba, Bucha ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Lakini kila ilipokaribia mechi na Machungwa, mtu fulani, na mara nyingine Bucha mwenyewe, angemgusa bega na kucheka: "Shangazi, safari hii uko upande gani? Wa baba au wa mama?" Angecheka naye. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na alikuwa amecheka kicheko hicho tangu darasa la pili.

Mwaka huo bingwa alikuwa apatikane kwenye mechi ya mwisho, juu milimani. Zambarau walihitaji ushindi. Mabasi yote yalikuwa yamejaa, Bucha akaja machimboni na soksi zake za zambarau, akamwomba bosi lori. Bosi mwenyewe alikuwa mwanachama. "Lichukueni," alisema, "ila aendeshe Mama Gia, siyo hawa wavunja ekseli."

Asubuhi ile mama yake, ambaye sasa alikuwa mzee na aliishi naye, alimshika mkono mlangoni. "Usiende huko na watu hao."

"Mama, watu gani? Si ni watu wetu?"

"Wako," mama alisema. "Mimi nawafahamu kwa mawe yao."

Walipanda mlima watu arobaini na saba nyuma ya lori, na ngoma tatu. Mume wa Mama Gia, fundi viatu, mtu mpole ambaye hata mende alimfukuza kwa kumwambia "toka", alikuwa nyuma pamoja nao, kavaa kofia ya zambarau iliyomziba macho.

Mechi yenyewe ilikuwa mbaya. Viwiko, mateke ya vifundo, kadi nyekundu mbili kabla ya mapumziko. Majukwaani watu wa milima waliimba kwamba zambarau huanguka zenyewe, zikakanyagwa njiani. Watu wa bonde wakajibu kwamba chungwa halina kazi nyingine ila kukamuliwa. Dakika ya themanini na tisa refa akawapa Zambarau penalti. Mpira uliingia wavuni, na kabla kipa hajainuka, chupa ya kwanza ilikuwa hewani.

Mama Gia aliona uzio ukilala. Ulilala polepole kama nyasi, na juu yake wakaja watu wenye mashati ya machungwa, wengine na mikanda, wengine na vyuma vya uzio wenyewe. Mtu aliyekuwa ameketi mbele yake alipigwa na chuma mdomoni, akageuka kumtazama Mama Gia kama anayetaka kumwuliza kitu, meno yake yakiwa kiganjani. Bucha alimkamata kijana wa milimani kwa shati, akampiga kichwa mara mbili, akamtupa chini ya viti, kisha yeye mwenyewe akapasuliwa kisogo kwa tofali. Polisi wakarusha mabomu ya machozi, na hapo kila mtu akawa hana timu, ana kikohozi tu.

Mumewe alimshika mkono wakakimbia. Walilikuta lori lilipoegeshwa, tairi zote nzima, wakamshukuru Mungu. Watu wakarukia nyuma. Mama Gia akawasha, akaingiza gia, akatoka taratibu, maana njia ilijaa wanaokimbia wa pande zote.

Penye kona, karibu na kiwanda cha mbao, barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo.

Hakuwa na pa kugeuzia. Mawe yakaanza kutoka kushoto, kutoka juu ya rundo la mbao. Kioo cha mbele kikapasuka, kikamwagika mapajani mwake kama chumvi. Kipande kikaingia chini ya jicho. Nyuma yake alisikia vilio na mlio wa mawe kwenye bodi, ngoma ikipasuliwa. Mlango wake ukafunguliwa kwa nje. Mkono ukamshika kitambaa cha kichwa pamoja na nywele, ukamvuta. Aliuma mkono huo mpaka akasikia mfupa ukigusa meno yake. Ukaachia. Kati ya makelele yale alisikia sauti ya mwanamume, maneno yakivutwa mwishoni kama kamba, sauti ambayo ingeweza kuwa ya mjomba wake: "Mwacheni! Ni mwanamke! Mwacheni apite!"

Mbele ya lori alikuwepo mtu mmoja. Mtu mzima, shati la machungwa, vumbi la mbao kichwani, mikono miwili juu. Gogo kubwa lilikuwa limesogea, pakabaki nafasi ya lori kupita kama lingempitia yeye.

Juu ya kichwa cha lori ngumi zilianza kugonga, kumi, ishirini, na sauti zikawa moja. "Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga, Mama Gia!"

Kati ya sauti hizo alitambua ya mumewe.

Alikanyaga.

Dereva wa miaka ishirini na miwili anajua tairi inapita juu ya nini. Jiwe hurusha. Gogo huinua, likashusha. Hiki hakikurusha wala hakikuinua sana. Kililainika.

Hakusimama. Alishuka mlima ule bila kioo, upepo ukimjaza damu machoni kwa nusu saa. Kisha mmoja kule nyuma akaanza kwa sauti ndogo, mwingine akapokea, na walipofika tambarare wote walikuwa wanaimba, wakipiga bodi badala ya ngoma:

"Mama Gia, Mama Gia, kakamua chungwa!"

Walisimama mtoni kuosha majeraha. Bucha, kichwa kimefungwa shati, alimjia na skafu ya tawi, ile ya sufi yenye herufi za dhahabu ambayo huvaliwa na katibu peke yake. Akamvisha mbele ya watu wote.

"Bila huyu," alisema kwa sauti yake laini, "leo mngekuwa mnazikwa. Asije mtu tena akaniuliza huyu ni wa wapi. Leo umekuwa wa kwetu, Shangazi. Wa kwetu kabisa."

Na ukweli usemwe: alifurahi. Alisimama pale na kitambaa kikimkausha damu shavuni, akafurahi furaha ya mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amelingoja neno lile miaka thelathini na minane. Baadaye, alipojaribu kujitetea mbele ya nafsi yake, alikuwa na la kusema kuhusu mawe, kuhusu mkono nyweleni, kuhusu watu arobaini na saba. Kuhusu furaha ile hakuwa na la kusema.

Wimbo ulifika mjini kabla ya lori. Siku mbili hizo kila kona ilikuwa inakamua chungwa. Wauza magazeti walimwamkia kwa honi za mdomo. Mumewe aliuimba akishona soli, mpaka siku ya tatu alipouanza na mkewe akamtazama. Akaumeza, na hakuuimba tena.

Siku hiyo ya tatu mama yake alitoka uani na ndoo ya maji kwenda kuosha lori, lililokuwa bado limeegeshwa nje ya nyumba likingoja kioo, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Mama Gia alimkuta amechuchumaa penye gurudumu la mbele la kushoto. Mkononi alikuwa na kipande cha nguo kilichokuwa kimenasa kwenye madigadi. Kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu, lakini rangi ya machungwa ilionekana kwenye pindo.

"Alikuwa mtoto wa nani?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

"Wanaimba jina lako mtaa mzima, na wewe hujui alikuwa mtoto wa nani?"

Jioni redio ikasema. Seremala mmoja, miaka arobaini na mitatu, amekatwa mguu wa kulia juu ya goti. Polisi wanatafuta lori. Namba ya gari haikuonekana kwa sababu ya matope.

Bucha alikuja kesho yake na watu watatu. Hawakukaa. "Shangazi, usiwe na wasiwasi. Lori lilikuwa na watu arobaini na saba, na hakuna aliyeona kitu. Nimezungumza na mmoja mmoja."

"Mtu amekatwa mguu, Bucha."

"Na mimi nimeshonwa nyuzi kumi na mbili. Yule aliyepigwa mdomo hali kitu ila uji. Wao wamehesabu wa kwao, sisi tumehesabu wa kwetu." Akamwekea mkono begani, mkono mzito wa kukata mifupa. "Ukinyamaza, umenyamaza na sisi. Ukisema, hujisemi peke yako. Unatusema."

Alinyamaza siku nne. Siku ya tano alipanda gari la abiria kwenda juu, kajifunga kitenge cha mama yake.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda ishirini. Hakuhitaji kuuliza. Alimtambua kwa mikono, ile iliyokuwa juu. Sasa ilikuwa imelala kando ya mwili, na shuka upande wa kulia lilishuka ghafla pale ambapo lilipaswa kuendelea. Kando yake aliketi dada yake, mwanamke mwembamba, akimmenyea ndizi.

Mama Gia alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yakamtoka yote kwa mara moja: "Mimi ndiye dereva."

Dada mtu aliinuka. Aliweka ndizi juu ya kabati, akaifuta mikono, kisha akachukua gongo la kutembelea lililoegemezwa ukutani, akampiga nalo. La kwanza begani. La pili mbavuni, akaanguka. Alipokuwa chini alipigwa la mgongo na la kichwa, na wagonjwa wenye nguvu wakaanza kushuka vitandani wakiuliza, "Nani? Ni yule mwanamke wa lori?" Mmoja alimkanyaga mkono. Mwingine, mwenye plasta mpaka kiunoni, alimtemea mate kutoka kitandani kwa kuwa hakuweza kumfikia. Mama Gia hakuinua mkono kujikinga. Wala haukuwa ushujaa. Aliona tu kwamba hapo ndipo pa kupigwa.

"Basi," alisema seremala. "Dada, basi. Mwacheni."

Mama Gia akaitambua sauti ile. Alikuwa ameisikia mara moja, kati ya mawe, na kichwa chake kikakataa kabisa kuielewa mpaka aliposema tena, "Mwacheni."

"Ni wewe uliyesema niachwe nipite," alisema akiwa chini.

"Nilikuwa nimetoka kazini," seremala alisema. Alizungumza akitazama dari. "Mpira siuangalii hata, shati nilipewa na shemeji yangu. Nikakuta wanafunga barabara kwa magogo yetu. Nikamwona mwanamke kwenye usukani. Nikavuta gogo moja likasogea, nikasimama kuwazuia wasirushe mawe. Nilikuwa nakuonyesha upite polepole, nisogee." Akamgeukia. "Hukuningoja nisogee."

Dada mtu alikuwa bado na gongo mkononi, akihema.

"Nimekuja kuomba..."

"Usiniombe msamaha," seremala alisema. "Nikikupa, utashuka nao huko kwenu, utalala usingizi. Mimi mguu unaniwasha mpaka vidole, na vidole havipo. Nenda ukaseme. Kwa polisi, kwa jina lako. Wimbo wenu tumeusikia hapa. Watoto wa hapa wanauimba kwa kunikejeli, na ni watoto wa huku. Nataka mtu aseme kwamba haikuwa wimbo."

Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliingia na damu bado inamchuruzika sikioni, na askari aliyekuwa mapokezi akadhani amekuja kushtaki.

"Nani amekupiga, mama?"

"Hakuna. Andika: mimi ndiye dereva wa lori."

Waliandika, wakamweka ndani siku mbili, wakamtoa kwa dhamana ya mumewe. Aliposhuka bondeni, dirisha la mbele la nyumba lilikuwa limevunjwa, na ukutani mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: MTOTO WA CHUNGWA NI CHUNGWA. Mama yake alikuwa ndani anafagia vioo. "Hawa hata mawe hawabadilishi," alisema. "Ni yaleyale."

Walimkuta machimboni Jumatatu, mchana kweupe, wakati wapakiaji wamekwenda kula. Walikuwa sita, Bucha akiwa mbele. Alimwomba skafu. Mama Gia alikuwa amekuja nayo mfukoni, akampa. Bucha akaikunja vizuri, akaiweka kwapani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi, machozi ya kweli. "Nilimbeba baba yako mimi. Nilikuvisha mbele ya watu. Polisi wamekuja kuchukua vijana wangu watatu kwa ajili ya fujo za uwanjani. Kwa nini, Shangazi? Tulikukosea nini?"

"Mlinigongea kichwa cha lori," alisema. "Na mimi nikakanyaga. Sikuwataja ninyi, Bucha. Nilijitaja mimi."

Bucha akampiga kofi, akaanguka kwenye mchanga. Wengine wakamalizia. Mmoja alitoa spana ya magurudumu kwenye lori la Mama Gia mwenyewe, akampiga nayo mkono wa kushoto, ule wa gia, mara tatu, kwa utulivu, kama anayekaza nati. Alisikia vidole viwili vikivunjika, kisha mfupa wa bega. Mdomo ulijaa mchanga. Alichokumbuka baadaye ni kwamba walimpiga wakimwita kwa jina lile la utotoni, Chungwa Bovu, na kwamba yule mwenye spana alikuwa na soksi za zambarau zilizozibwa vizuri kwa sindano, akajiuliza nani alimshonea.

Aliyewaondoa alikuwa mumewe. Alikuwa ameletewa habari na muuza maji, akaja anakimbia na kisu cha kukatia ngozi. Hakuwa na uso wa mtu wa kufukuza mende kwa maneno. Alimchana Bucha mkono tangu kiwiko mpaka kifundo, na alipoangushwa akaendelea kuchana miguu iliyokuwa ikimpiga. Wakakimbia. Wapakiaji waliporudi, waliwakuta mke na mume wameketi wanaegemeana kwenye gurudumu, wote wekundu, mume akisema jambo moja tu tena na tena:

"Mimi nilisema kanyaga. Sauti yangu ulisikia. Nilisema kanyaga."

"Nilisikia," mkewe alisema.

Kesi ilichukua miezi saba. Mumewe alisimama kizimbani akaeleza kilichopigiwa kelele juu ya lori na nani walikuwa wakipiga, yeye wa kwanza. Seremala alikuja kwa magongo, akaeleza yake bila kumwangalia mtu. Mama Gia alihukumiwa kifungo cha nje na kunyang'anywa leseni miaka mitatu. Bucha na wawili wake walifungwa miezi kumi kwa yale ya machimboni. Tawi likafuta majina ya mke na mume kwenye daftari lao.

Vidole viliunga vibaya. Bosi, ambaye naye alipata aibu yake mahakamani kwa kutoa lori, alimpa kazi ya kukagua magari kabla hayajatoka: matairi, breki, taa, bodi. Aliifanya kwa ukali mpaka wale wavunja ekseli wakamwogopa. Mara mbili aliandika barua kwa seremala. Haikujibiwa hata moja. Mara ya tatu alijibiwa na dada yake kwa mstari mmoja: anatengeneza madawati ya shule siku hizi, kazi ya kukaa. Barua ile aliisoma mpaka ikachanika mikunjo.

Msimu uliofuata Machungwa walishuka kucheza bondeni. Alipoanza kuvaa jezi yake, mama yake alimtazama kutoka kitandani kwa muda mrefu.

"Baada ya yote haya, bado unaenda tu?"

"Niende wapi tena, mama?"

Hakwenda jukwaa la tawi. Alilipa kama mgeni, akasimama upande wa jua, mahali pa watu wasio na kadi. Mumewe alikataa kuja, naye hakumlazimisha. Askari walikuwa wengi kuliko wachezaji wa akiba. Tawi lilipoanzisha ule wimbo, ukavuka uwanja kama moto wa majani makavu, watu kushoto na kulia kwake wakaupokea, wengi wao bila kujua Mama Gia ni mtu, wakidhani ni jina tu la wimbo. Alifumba mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusimama kati ya watu wale bila kuimba, akasikia jinsi wimbo unavyosikika ukiwa nje yake. Ulimtisha. Aliona upande wa pili watu wa milima wakianza kupasua viti.

Dakika ya hamsini Zambarau wakasawazisha. Mwanamke asiyemjua, mnene, mwenye jasho, akamrukia shingoni, akamkumbatia akilia, "Tumerudi! Dada yangu, tumerudi!" Mama Gia alimkumbatia kwa mkono wake mzima, na moyo ulimdunda kama wa mtu mwingine yeyote pale. Kisha mwanamke yule akauona ule mkono mwingine, vidole vilivyopinda, akainua macho mpaka kwenye kovu la chini ya jicho. Picha ilikuwa imetoka magazetini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Mwanamke akamtazama. Haikujulikana kama atatema mate au atasema neno. Mwishowe alirekebisha skafu yake, akashuka ngazi mbili, akasimama huko, na waliokuwa karibu naye wakasogea vilevile bila kuambiwa. Pakabaki saruji tupu pande zote za Mama Gia, mita moja hivi. Chupa ya maji ikaja kutoka nyuma, ikampiga mgongoni. Hakugeuka.

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini. Alizitazama zote. Zambarau walifungwa mbili kwa moja kwa bao la kuotea ambalo refa alilikubali, na Mama Gia, peke yake katikati ya saruji yake, alimtukana refa yule mpaka sauti ikamkauka.